Kabichi Juu ya Mashine

4 Februari

Mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba hii, kuanzia jikoni hadi kwenye paa. Sisi wazima, paa ndilo mgonjwa. Linavuja juu ya kiti cha mume wangu na pengine popote. Yeye mwenyewe, huyo unayemwita Mwamuzi, amestaafu mpira lakini mpira haujastaafu kwake. Jana nimemwaga chai, akanionyesha kadi ya njano. Nimemwuliza kadi hizo huwa anazitoa wapi kila mara, akasema mwamuzi haojiwi. Paka wa jirani amezaa ndani ya kikapu changu cha mikate, nikaona bora nimwachie. Miwani uliyonitengenezea naivaa. Shida yake ni moja: sasa naona vumbi ambalo nilikuwa nikiishi nalo kwa amani.

Nakuandikia, sipigi simu, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana siku unaondoka: simu ni ya misiba na harusi, mengine yote barua. Tena kwenye simu unanikatiza.

Sasa habari yenyewe. Nanunua mashine ya kukandia unga. Imetumika, lakini picha inaonyesha bado ina nguvu zake. Ipo kwenye mnada wa mtandaoni, na mimi ndiye mwenye dau la juu tangu juzi. Bei ni ya kutupa. Muuzaji yuko hapo hapo mjini kwako. Anasema anahamia nchi nyingine na hawezi kubeba mzigo mzito, ndiyo maana anauza haraka. Kijana mwenye adabu sana. Kila ujumbe anaanza na "shikamoo mama" na kuniuliza nimeamkaje.

Sikuombi ushauri. Nakupa habari.

Kula vizuri, na usisome kwenye mwanga hafifu, wewe fundi wa miwani utaaibisha kazi yako.

Shangazi yako

*

15 Februari

Shikamoo Shangazi, na kwa Mwamuzi pia shikamoo, kabla hajanipa kadi.

Barua yako nimeisoma dukani kati ya mteja na mteja, nikacheka hadi bosi akatoa kichwa ofisini. Huku kwema. Mashine yetu ya kusagia lenzi imeanza kulia kama mbuzi. Chumba changu kimepata dirisha jipya, kwa hiyo sasa nasikia vizuri zaidi ugomvi wa majirani.

Hujaniomba ushauri, kwa hiyo huu uite maongezi tu.

Kwanza, nini kimekupata? Wewe ndiye uliyenilea ukiniambia kwamba mkate usioguswa na mkono ni tofali lenye chumvi. Nimekua nikikutazama ukikanda unga kama mtu anayegombana na ndugu anayempenda. Leo unataka mashine. Sikatai, nauliza.

Pili, huyo kijana mwenye adabu. Bei ya kutupa, haraka ya kuhama, na shikamoo tatu kwa siku. Shangazi, kila kimoja kikija peke yake hakina neno. Vikija pamoja, mimi ningeshika mkoba wangu. Je, ameshauza kitu kingine chochote kwenye mnada huo? Huwa kuna mahali wanunuzi wa zamani wanaandika kama waliridhika au walilia. Patazame. Kama ni patupu, hatumjui huyo mtu, hata akikuita malkia.

Halafu mwambie apige picha mpya ya mashine, na juu yake aweke kitu ambacho wewe umekichagua. Kabichi, kwa mfano. Mwenye mashine ataona ni mzaha, ataweka kabichi na kupiga. Asiye na mashine hana pa kuweka kabichi.

Na la mwisho, usilipe nje ya mnada, hata akikubembeleza vipi. Huko ndani pesa inashikwa hadi mzigo ufike. Nje ni wewe na Mungu wako.

Nitumie anwani yake. Nina Jumamosi na nina miguu, nitakwenda kuiona kwa macho. Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nijibu mapema,
mimi wako

*

27 Februari

Mwanangu,

Tupo. Paa limezibwa, sasa linavuja upande wa pili. Vitoto vya paka vimefungua macho.

Nimeshinda mnada. Kuhusu kabichi, nilimwomba. Alinyamaza siku nzima, kisha akasema, "Mama, nimeumia kwamba huniamini." Nikajisikia vibaya. Amesema kuna mtu mwingine anaitaka mashine kwa bei ya juu zaidi, ila yeye angependa ichukuliwe na mimi kwa sababu nimemkumbusha mama yake. Anataka tumalizane wenyewe kwa wenyewe, kwani mnada unamkata fungu kubwa.

Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nenda ukaione, lakini kwa heshima. Usimhoji kama askari.

Mwandiko wangu ukiona unayumba usijali, nimeandika nikiwa nimesimama.

Shangazi

*

8 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu baadaye, nisamehe. Mimi mzima, kazi nzuri, dirisha linafunguka.

Nimekwenda kwenye ile anwani. Ni mtaa wenye miti mifupi na kuta ndefu. Namba niliipata kirahisi kwa sababu mlango wake una bango kubwa la kadibodi lililoandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA HATUUZI FRIJI. Chini yake, kwa rangi nyingine: WALA PIKIPIKI.

Ni duka la samaki wa mapambo. Ndani kuna giza la buluu, matangi hadi darini, na mama mmoja mnene amekaa juu ya ndoo akilisha samaki kwa kijiko cha chai. Hata hakugeuka.

"Umekuja kwa ajili ya friji," akasema.

"Hapana, mama. Mashine ya kukandia unga."

Akashusha kijiko. "Mashine. Hiyo mpya. Nitahitaji kadibodi nyingine."

Akanivutia ndoo ya pili nikae. Ameniambia tangu mwaka uanze watu wanabisha hodi kwake wakitafuta vitu ambavyo hajawahi kuwa navyo. Wa kwanza alikuja na lori kabisa kubeba friji. Mwingine alikuja na helmeti mkononi kuchukua pikipiki, akakaa hapo hapo kwenye ndoo akalia, na yule mama akampa samaki mdogo mwekundu ndani ya mfuko ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Kuna mtu anaitumia anwani yake kutapeli. Ameshapeleka malalamiko polisi mara mbili. Aliponiuliza, "Na wewe umeshatuma pesa?" nikamwambia mnunuzi si mimi, ni shangazi yangu.

Akasema, "Basi mwulize shangazi. Na akikaa kimya, ndiyo jibu."

Kwa hiyo nakuuliza, na ukitaka usijibu jingine lolote katika barua hii: umemtumia kitu huyo mtu?

Sina hasira. Nataka kujua tu.

Mwanao

*

25 Machi

Shangazi,

Habari za nyumbani? Nauliza kwa sababu sizijui. Barua yangu haijajibiwa. Nimevunja mkataba wetu nikapiga simu, akapokea Mwamuzi, akasema hujambo ila upo kwenye tanuri. Nikamwambia mtu hawezi kuwa kwenye tanuri akawa hajambo. Akasema mchezo unaendelea, akakata.

Sawa. Hutaki kuzungumza, mimi nitazungumza.

Nimeingia mwenyewe kwenye mnada nikaiangalia picha ya mashine yako. Simu siku hizi inaweza kutafuta picha kama inavyotafuta maneno. Nikaitafuta hiyo, na ikaja nyingine kutoka kwenye tangazo la miaka miwili nyuma: mashine ile ile, ukuta ule ule wa kijani. Tofauti ni kwamba yule tapeli aliikata pembeni. Kwenye picha nzima, kando ya mashine, kuna msumari ukutani na miwani ya kuogelea imening'inia. Mimi na miwani, unajua tena. Ndiyo niliyoiona kabla hata ya mashine.

Maana yake mashine ipo kweli, Shangazi. Ina mwenyewe, na mwenyewe si huyo kijana wako. Nilimwandikia mwenye tangazo lile la zamani. Akanijibu kwa neno moja: "Kwanini?"

Nikamweleza. Akajibu tena kwamba mashine hakuiuza, bado anayo, na kwamba hanifahamu wala hana haja ya kunifahamu.

Nimemwomba niende kuiona. Hajakubali, lakini hajakataa.

Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao, ambaye hana hasira hadi leo

*

6 Aprili

Mpwa wetu,

Mwandiko huu ni wangu mimi, Mwamuzi. Shangazi yako anasema, mimi naandika. Mwamuzi haongezi bao wala hapunguzi, kwa hiyo naandika kila kinachotoka kinywani mwake.

Mwanangu. Andika mwanangu. Umeandika? Mbona unaandika kwa herufi kubwa hivyo, si tangazo la mechi. Mwanangu, sisi hatujambo, barua zako zote zimefika, nisamehe kwa kimya. Nilikuwa na kazi nyingi. Usinitazame hivyo, andika kazi nyingi.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Nilimtumia nusu ya bei kwa simu, nje ya mnada, siku ile ile niliyokuandikia anwani. Alisema ni ya kushikilia mzigo. Akanishukuru vizuri. Kesho yake akaomba iliyobaki, nikasema subiri mpwa wangu aione kwanza, basi simu yake haikuita tena. Ameniingiza mjini, mwanangu, tena mimi mwenyewe nikamfungulia geti. Futa hilo la geti. Haya, acha.

Tumewaandikia wenye mnada. Wamemfungia, lakini pesa hawawezi kurudisha kwa sababu ilipita mlango wa nyuma. Polisi wameandika maelezo. Namba ya simu aliyotumia wameshaifungia pia. Basi. Mtu akilia juu ya maziwa yaliyomwagika, paka ndiye anayefaidi, na hapa tuna paka watano.

Usinitumie pesa. Mwambie asitume pesa. Ninakuambia wewe Mwamuzi umwambie yeye. Andika.

Kuhusu kwanini naandikiwa, mkono wangu wa kulia umechoka kidogo. Usiandike hilo. Umeandika? Wewe mzee una nini. Funga bahasha.

Hapa ni mimi tena, Mwamuzi, yeye amekwenda kutazama tanuri. Mkono haujachoka kidogo. Daktari amesema mishipa ya kifundo imevimba kwa kukanda miaka yote hii, na akiendelea atakuja kushindwa hata kushika kikombe. Ameambiwa asikande kabisa. Alijua tangu Januari, mimi nimejua mwezi huu. Ndiyo sababu ya mashine. Sasa hivi nakanda mimi. Wateja wana adabu, hawasemi kitu, lakini wanaununua mkate kwa kuupima uzito kwanza. Tukikosa mashine, duka tutafunga, na yeye bila duka sijui atakuwa nani.

Mimi Jumamosi na Jumapili nimerudi uwanjani kupiga filimbi, mechi za vijana. Goti linalalamika lakini halina kadi.

*

19 Aprili

Shangazi yangu, na Mwamuzi wangu mwaminifu,

Nimesoma barua yenu ya watu wawili nikacheka, halafu nikafika kule chini na kicheko kikaisha. Ungeniambia habari ya mkono, Shangazi. Basi, yamepita. Pesa sitatuma, kwa sababu nakuogopa. Ila habari ninayo.

Mwenye mashine ameniruhusu nikaione. Ni mwalimu wa kuogelea. Mtu mrefu, mabega kama kabati, anaongea polepole kana kwamba kila neno analilipia. Anaishi nyuma ya bwawa anakofundishia, na nyumba yote inanuka dawa ya maji. Alinifungulia mlango kiasi cha uso tu.

"Weka kitambulisho hapo kwenye kiti," akasema, "halafu rudi hatua nyuma."

"Na wewe uweke kabichi juu ya mashine," nikasema.

Akanitazama. "Kabichi?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Nilikuwa nimekuja nayo, maana mambo haya hayataki kutegemea jiko la mtu. Akaangalia kabichi, akaangalia kitambulisho, akafungua mlango wote.

Mashine ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa akioka biskuti. Marehemu sasa. Mwalimu alipotangaza vitu vya mama yake, alianza na tanuri. Mnunuzi akaja na lori, wakalipakia, akamwonyesha kwenye simu ujumbe kwamba pesa imetumwa. Lori likaondoka. Ujumbe ulikuwa wa kughushi, hakuna kilichoingia. Hakukagua salio lake kwanza, aliamini simu ya mtu mwingine. Siku hiyo hiyo akaghairi kuiuza mashine, tangazo akalisahau huko mtandaoni, akafunga chumba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu, Shangazi, anashtuka hata akiona uzi.

Kwa hiyo tulikaa pale, yeye akinidhania tapeli na mimi nikimdhania yeye, kabichi katikati.

Mashine nzima. Niliomba aiwashe. Nilibeba na unga pia. Tukaweka maji, ikakanda, sauti yake nzito na tulivu, haigongi popote. Nikapiga picha kibao cha namba kilichopigiliwa ubavuni. Picha naiambatanisha hapa, itunze. Waya wa umeme umebadilishwa, mkanda bado mzuri. Yeye alikuwa amesimama kando anasikiliza ile sauti, na sikutaka kumsemesha.

Bei aliyotaja si ya kutupa, ni ya haki. Lakini ana sharti. Anataka kujua kwamba shangazi ninayemsema yupo kweli. Anataka picha yako umesimama mbele ya tanuri lako, umeshika birika juu ya kichwa.

Nikamwambia shangazi yangu hawezi kukubali upuuzi huo. Akasema, "Mimi nimekubali kabichi."

Na mkipatana, tutapitia kwenye mnada. Yeye ataiweka pale, wewe utalipa pale, pesa itakaa kwao hadi useme umepokea. Mwamuzi atakueleza, ni kama mpira uliowekwa katikati ya uwanja, hauchezwi na upande wowote kabla ya filimbi.

Nawapenda. Nawahi kumaliza hapa, nywele zinadondosha maji kwenye karatasi.

Mwanenu

*

2 Mei

Mwanangu,

Huu ni mkono wa kushoto. Usicheke. Nimemfukuza mwandishi wangu nje kwa sababu nina neno ambalo sitaki alisikie.

Salamu kwanza: paka wanne wamepata kwao, wa tano amemchagua Mwamuzi.

Picha hiyo hapo. Birika lilikuwa na maji, hakuna aliyenikumbusha. Mwonyeshe mwalimu wako na umwambie nimelowa kwa ajili yake.

Sasa neno langu. Uliuliza kwanini nilikaa kimya mwezi mzima, nikakujibu kazi nyingi. Haikuwa pesa pia. Pesa inauma kama jino, mtu anajua maumivu yanaishia wapi. Ni kwamba yule mtu alikuwa akiniita mama. Kila asubuhi, mama umeamkaje, mama pole na kazi. Mimi sikuzaa, unajua. Nilikuwa nimeanza kuingoja simu ile iite. Nilipogundua, nikaona aibu kwamba nilinunua neno moja kwa bei ya nusu mashine. Na nikakuonea aibu wewe zaidi ya wote.

Basi, nimelisema. Usilijadili sana.

Jingine. Katika barua yako mashine umeipa mistari michache, na mwenye mashine ukampa ukurasa. Mabega kama kabati. Nywele kudondosha maji. Wewe maji ulikuwa unayaogopa hata ya beseni. Nakuuliza kama shangazi: kuna jambo?

Mkono umechoka.

*

14 Mei

Shangazi yangu,

Mimi mzima, bosi mzima, mashine yetu ya lenzi imekufa rasmi na tumeizika stoo.

Umesema nisijadili, nami nitasema kidogo tu. Nilisimama mbele ya kioo nikajaribu kukuita lile neno jingine. Halikukaa vizuri mdomoni, kama viatu vya mtu. Mimi nilipopata homa usiku, nililia "shangazi". Siku ya kuandikishwa shule, aliyeulizwa ni shangazi. Kwangu hilo ndilo neno kubwa, hakuna lililo juu yake. Yule mtu alikuibia pesa, hilo kweli, lakini neno alilokupa halikuwa na kitu ndani. Langu lina miaka yote. Na kungoja mtu akuulize umeamkaje si aibu. Aibu ni yangu mimi niliyejificha nyuma ya mkataba wa barua. Kuanzia sasa nitapiga simu kila asubuhi kabla ya kazi, na misiba na harusi zitafute njia yao.

Picha yako na birika mwalimu ameitazama muda mrefu. Kisha akacheka. Sikujua anaweza kucheka. Akasema, "Huyu yupo." Siku hiyo hiyo akaiweka mashine kwenye mnada, na kama ulivyoona mmeshapatana.

Tumeifunga kwa mablanketi na mbao. Dereva wa lori ni mtu wa kampuni, na namba ya mzigo utaipata kwa simu. Ikifika, fanya hivi: linganisha namba ya kibao na ile picha. Iwashe. Iwekee unga, isizunguke tupu. Dereva akisema ana haraka, mpe chai. Ukiwa umeridhika kabisa, ndipo ubonyeze kwamba umepokea, na pesa itakwenda kwa mwenyewe. Usibonyeze kwa huruma.

Kuhusu swali lako la mwisho, wino unakaribia kuniishia.

Naweza kuelea sasa, chali, bila kushikwa.

Mwanao

*

1 Juni

Mwanangu,

Umenipigia leo asubuhi na hukuniacha niseme, kwa hiyo nasema hapa.

Imefika. Wanaume wanne waliibeba kutoka kwenye lori, na Mwamuzi akitembea kinyumenyume mbele yao na filimbi mdomoni. Mlango haukutosha, wakaung'oa kwenye bawaba. Nikalinganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, na miwani yako puani. Sawa sawa. Dereva akanihimiza nibonyeze kwenye simu yangu. Nikamwambia, "Kaa kwanza."

"Mama, nina mizigo mingine."

"Hata mimi nina unga," nikasema. Akakaa. Nikampa chai na mkate wa Mwamuzi. Alitafuna kwa muda mrefu, mtu wa watu yule.

Tukaiwasha. Mwanzoni ilinguruma na paka akapanda juu ya kabati. Kisha ikatulia, ikashika unga, ikaanza. Nilisimama pale nikaitazama ikigeuza donge, inalibana, inaliachia, inaligeuza tena. Inajua kazi. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza ndani ya aproni, vinataka kusaidia. Nikatoa kipande nikakivuta kwenye mwanga, kikawa chembamba bila kukatika. Ndipo nikabonyeza.

Mwalimu ameniandikia ujumbe kwamba amepokea, na kwamba amekagua salio lake mara mbili. Nikamwandikia kwamba mashine ya mama yake imefika mahali ambapo itakuwa ikiamshwa kila siku alfajiri. Akajibu: "Asante, Shangazi." Nimeliona hilo neno. Sijamwuliza nani kamruhusu.

Dereva alipoondoka na Mwamuzi akaenda kutafuta fundi wa mlango, nilibaki peke yangu na ile sauti. Na sikuwa na la kufanya. Tangu nijue kazi hii, unga ukikandwa mimi nimesimama. Nikavuta kiti nikakaa. Nikasema nitakaa kidogo tu. Nikausikiliza unga ukikandwa na mwingine, mikono yangu nimeilaza magotini kama ya mgeni, na mkono wa kulia hauumi.

Nikasinzia. Nilishtuka Mwamuzi akinifunika shuka. Alikuwa amerudi, ameizima mashine, amekata madonge yeye mwenyewe na kuyatia kwenye tanuri, halafu hakuwa na moyo wa kuniamsha kuuliza muda. Kwa hiyo mikate ya kwanza imeungua upande wa chini, yote.

Hatukuiuza. Tulikwangua weusi kwa kisu tukaila hapo hapo, tumekaa mlangoni pasipo na mlango, mpaka tukashiba. Ndani ilikuwa laini kabisa.

Njooni. Nimeandika wingi, na sikukosea.

Shangazi yenu